Chumvi ya Barafu

Wahenga hawakuwa watu wa kupoteza maneno. Waliposema ujuzi hauzeeki, hawakusema kwamba mwenye ujuzi hazeeki. Huyo huzeeka kama sisi sote, magoti yakalia, macho yakafifia, majina ya wajukuu yakamponyoka. Walichosema ni kwamba kile ambacho mikono yake ilijifunza hubaki pale pale, kikingoja kuitwa. Asiyeamini na asikilize habari za Bibi Kimya wa chumba cha nne, katika nyumba moja ya kutunzia wazee.

Jina hilo alipewa na wazee wenzake. Miezi saba ilikuwa imepita tangu aletwe na binti wa kaka yake, na katika miezi hiyo hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya "ndiyo", "hapana" na "ahsante". Chakula alikula na dawa alimeza, ila kila alipoketi mezani mkono wake wa kulia ulianza safari: ulizunguka juu ya meza polepole, ukatua, kisha ukazunguka tena. Muuguzi mkuu, mwanamke hodari asiyejua kuzembea, aliliona jambo hilo na kuliandika kwenye faili: "Huzungusha mkono bila sababu." Katika faili hilo hilo, mahali palipouliza kazi ya mzee, binti wa kaka yake alikuwa ameandika neno moja tu: "Amestaafu." Neno moja, nalo likameza miaka arobaini ya mtu.

Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na jengo jingine, la wazee waliopotewa na kumbukumbu kabisa. Milango yake ilifunguliwa kwa nje tu. Silaumu, wapo waliohitaji kulindwa wasije wakatoka na kupotelea barabarani. Lakini kumpeleka huko mtu mwenye akili zake timamu ni kumzika angali hai, na huko ndiko muuguzi mkuu alikoshauri Bibi Kimya ahamishiwe. Binti wa kaka yake alikuwa aje Ijumaa saa kumi kutia sahihi. Bibi alikuwa na habari zote, maana kilichonyamaza kwake ni mdomo, si masikio. Asubuhi ya Ijumaa hiyo alikataa chai, akakaa kitandani akilitazama dirisha lake kama anayeliaga.

Siku hiyo hiyo alikuja mwalimu wa shughuli, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akifika mara tatu kwa wiki kuwaimbisha wazee, kuwafumisha na kuwachezesha karata. Alikuwa amewaahidi kwamba watatengeneza aiskrimu kwa mikono yao wenyewe. Ya dukani, alisema, hata mgonjwa hulishwa kwa kijiko, lakini hii itakuwa na jasho lao. Akaingia ukumbini na magunia mawili ya barafu, ndoo pana, maziwa, krimu, sukari, vanila, na mkebe mrefu wa bati wenye mfuniko na kishikio. Mkebe ulikaa ndani ya ndoo, barafu ikauzunguka, na kazi ya wazee ikawa kuuzungusha kwa zamu mpaka maziwa yagande.

Maelekezo alikuwa ameyanakili kwenye karatasi jioni iliyotangulia, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mstari wa mwisho ulitaka vikombe viwili vya chumvi ya mawe. Sasa, katika nyumba hiyo chumvi ilikuwa mwiko. Tangu mzee mmoja aanguke kwa shinikizo la damu, muuguzi mkuu aliifungia kabatini na ufunguo akauvaa shingoni, hata wazee wakawa wanamwita Bi Funguo akiwapa kisogo. Mwalimu alipoufikia mstari ule alijiambia kwamba chumvi hiyo bila shaka ni ya kukoleza ladha tu, na kitu kitamu kinataka chumvi ya nini. Akachukua kalamu, akaufuta.

Basi wazee wakazungusha mkebe. Walizungusha robo saa, ikawa nusu saa, mikono ikachoka na barafu ikaanza kuwa maji. Mwalimu alifungua mfuniko mara tatu, na mara zote tatu maziwa yalimtazama yakiwa maji vilevile. Mzee mmoja aliyeendesha malori ujana wake wote, ambaye kila mtu alimwita Dereva, akauliza kwa upole kama wanangoja aiskrimu au wanangoja ng'ombe azae tena. Wazee wakacheka, lakini mwalimu alikuwa ameanza kufa moyo.

Mwisho wa meza ndefu, muuguzi mkuu alikuwa ameketi na binti wa kaka yake Bibi. Fomu ilikuwa mbele yao na kalamu ilikuwa tayari mkononi. Binti yule hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amechoka tu, na alikuwa ameambiwa na wanaojua kuliko yeye kwamba shangazi yake hayupo tena, umebaki mwili. Ndipo ilipotoka sauti iliyokwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Chumvi," alisema Bibi Kimya.

Muuguzi mkuu akashusha pumzi. Akamwinamia binti na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba sasa amejionea mwenyewe, shangazi yake anataka chumvi kwenye aiskrimu. Binti akafuta machozi, akaisogeza fomu karibu.

Bibi akainuka. Aliishika meza, akapiga hatua moja, akapumzika, akapiga nyingine, mpaka akaifikia ndoo. Akachovya vidole kwenye barafu na kutikisa kichwa.

"Chumvi si ya maziwa," alisema. "Ni ya barafu. Barafu peke yake haina nguvu ya kugandisha. Itie chumvi, ndipo itakapouma."

Mwalimu akaitoa karatasi yake mfukoni na kuutazama ule mstari uliofutwa. Angeweza kuirudisha mfukoni, na hakuna ambaye angejua. Uso ulimwaka moto kwa haya, lakini alipiga moyo konde.

"Bibi yuko sahihi," alisema. "Karatasi iliandika hivyo. Mimi ndiye niliyefuta."

Macho yote yakamgeukia muuguzi mkuu, naye akaushika ufunguo wake. Alikuwa amewaona wazee wakianguka, na sheria ile ya chumvi ilikuwa imewaokoa wengi. Haikuwa rahisi kwake kuivunja kwa neno la mtu aliyemwandika mwenyewe kuwa amepotewa na kumbukumbu. Binti ndiye aliyekata shauri.

"Dada, fungua kabati," alisema. "Ikiingia hata chembe moja kwenye maziwa, nitatia sahihi hapa hapa."

Bibi alilisikia sharti hilo. Alikunja mikono ya gauni lake.

Chumvi ilipoletwa, nyumba ilipata msimamizi mpya. Bibi alimwagiza Dereva apondeponde barafu iliyobaki, akamwagiza mwalimu amwage maji, na mwenyewe akaufunga mfuniko wa mkebe kwa kitambaa kilichokazwa barabara. Akaweka barafu, akanyunyiza chumvi, akaweka barafu tena, akanyunyiza tena, akipima kwa kiganja bila kuangalia. Kisha mkono wa kulia ukashika kishikio. Ukazunguka polepole, ukatua, ukazunguka tena.

Kila mtu aliyewahi kula naye meza moja aliujua mzunguko ule.

"Kumbe miezi yote hii alikuwa kazini," alisema Dereva, na safari hii hakuna aliyecheka.

Walipokezana zamu, Bibi akisimamia. Punde mkebe ukavaa ukungu mweupe kwa nje. Akautegea sikio kwa karibu, akasikiliza maziwa yakigonga bati, na yalipoacha kugonga akainua mkono kuwasimamisha. Aliufuta mfuniko mara tatu, kila mara kwa kitambaa kikavu, akaupangusa na ukingo wa mkebe, ndipo akafungua. Ndani ilikuwa aiskrimu, nyeupe, laini, imeshikamana na kuta za mkebe.

Kijiko cha kwanza alimpa muuguzi mkuu. Huyo aliionja kwa makini kama mpelelezi, akiitafuta chumvi kwa ulimi wote. Hakuipata. Akaomba kijiko cha pili.

Binti akamwendea shangazi yake na kumuuliza mambo hayo aliyajulia wapi. Bibi akamwambia kwamba aliingia jiko la hoteli ya stesheni akiwa na miaka kumi na sita, kabla ya mashine, na kwa miaka arobaini hakuna aiskrimu iliyopanda mezani pale bila kupita mkononi mwake.

"Mbona hukuniambia, shangazi?"

"Ulikuwa umeshaandika nimestaafu, mwanangu. Nikaona hakuna anayetaka kujua."

Binti alilia waziwazi, akamkumbatia, akamwomba radhi. Ile fomu aliikunja mara nne na kuisukuma chini ya ndoo iliyokuwa ikivuja. Muuguzi mkuu naye alilifungua faili na kuisoma sentensi aliyoiandika kwa mkono wake: "Huzungusha mkono bila sababu." Akatoa kalamu na kuyakata maneno mawili ya mwisho. Kisha akauvua ufunguo shingoni, akauweka mezani mbele ya Bibi.

"Kila Ijumaa, Bibi," alisema. "Kwa ajili ya barafu."

Bibi aliutazama mkebe uliokwanguliwa mpaka ukang'aa, akawatazama wazee ishirini waliokuwa wakilamba vijiko vitupu.

"Basi Ijumaa ijayo leteni mkebe wa watu wazima," alisema. "Huu ni wa kujifunzia."

Jioni hiyo alirudi chumba cha nne, kwenye dirisha lake, akanywa ile chai aliyoikataa asubuhi. Hakika, ujuzi hauzeeki.