Mlango Usiojua Kusahau

Paukwa!
—Pakawa!
Paukwa mlango!
—Pakawa ufunguo!
Mlio kizingitini sogeeni ndani, mnisikie.

Hapo kale, lakini si kale sana, palikuwa na mji uitwao Tambuzi. Ukaingia ugonjwa wa kifua. Watu wakafa, wakafa, wakafa. Sultani akaita mafundi, wakamtengenezea mlango wenye akili. Ulimjua kila mtu, na kila aliyemgusa. Aliyegusa mgonjwa hakuingia, wala aliyemgusa huyo. Nao ulifanya kazi, msiubeze: ugonjwa ukaisha. Sultani akafurahi, akamwachisha kazi bawabu, Mzee Ngwali. Mlango ulijifungua wenyewe, bawabu wa nini?

Sasa, mkunga Bi Mize alikuwa amewazalisha wanawake watatu wagonjwa. Mlango ukamwandika, akabaki nje ya ukuta. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila akipiga hodi, mlango hujibu: "Uligusa wagonjwa. Rudi ulikotoka." Nusu ya mji ilizaliwa mikononi mwake, nanyi mnaniuliza kama alilia? Alilia sana.

Asubuhi moja binti wa Sultani akashikwa na uchungu. Jua likapanda, mtoto hatoki, amekaa vibaya tumboni. Sultani akatoka mbio, peke yake, hadi kwa Bi Mize.

"Mama, mwanangu anakufa! Twende, mlango utanisikia mimi."

Bi Mize akamtazama. Alijua mlango hausikii mtu. Sultani angeingia, yeye angebaki nje, wangeitwa mafundi, na mafundi wangeitisha kikao. Basi akanyoosha mkono wa salamu. Sultani, kwa malezi aliyolelewa, akaupokea na kuubusu. Enhe! Mmeona?

Wakafika mlangoni. "Hodi!"

"Mmoja aligusa wagonjwa. Mwingine amemgusa yeye. Rudini mlikotoka."

"Mimi ni Sultani!"

"Rudini mlikotoka."

"Wewe chuma, ugonjwa umekwisha!"

"Sijaambiwa."

Sultani akageuka huku na huku. "Nani alitakiwa kuuambia?"

"Bawabu angeuambia," akasema Bi Mize. "Yule pale."

Mzee Ngwali alikuwa chini ya ukuta anachoma mihogo, ufunguo wa mlango mdogo wa pembeni ungali kiunoni.

"Uliniamuru nisiuguse mlango tena, bwana."

"Fungua, baba yangu! Nakusihi, fungua!"

Akafungua. Bi Mize akaingia, akanawa mikono, akamgeuza mtoto taratibu, taratibu, taratibu. Mtoto akalia. Mama yake akaishi.

Sultani hakuuvunja mlango; ugonjwa unaweza kurudi. Lakini Mzee Ngwali alirudishiwa kiti chake. Kila asubuhi huuambia mlango nani amepona na nani afutwe. Na ukikosea, ufunguo anao.

Kesho yake Bi Mize alikuja kumwona mzazi. Akasimama mbele ya mlango mkubwa. "Hodi!"

Kabla mlango haujajibu, Mzee Ngwali, mhogo mdomoni, akasema, "Karibu, Bi Mize. Karibu kwenu."

Ngano yangu naifungia hapo. Ikiwapendeza nendeni nayo. Isipowapendeza iacheni kizingitini, nitaiokota mwenyewe.