Mpira wa Asidi

Nyuma kabisa ya kiwanda cha betri za magari, mahali ambapo wageni hawapelekwi ila wakiomba, palikuwa na uwanja wa saruji uliozungushiwa ukuta mfupi. Hapo ndipo malori ya asidi yaliposhushia mzigo wake. Saruji ilikuwa imelika vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui, na hewa yake iliwasha pua hata za waliozoea. Msimamizi wa uwanja huo alikuwa mtu nadhifu kupita kiasi. Hata ovaroli aliipiga pasi. Wenzake walimbandika jina la Maridadi, naye hakukasirika. Alilivaa jina hilo kama alivyovaa shati lililomkaa sawasawa.

Maridadi hakuwa mgeni wa kazi yake. Alianzia chini, akiwa mshushaji, na alijua kwamba asidi kali ambayo bado haijachanganywa na maji haina urafiki na mtu. Alijua pia jambo ambalo wengi hawalijui: mpira unaoweza kubeba maji ya moto mwaka mzima bila kunung'unika unaweza kushindwa na asidi baridi kwa siku chache tu, kwa kuwa asidi haijali unene wa mpira wala nguvu zake, bali hutazama umetengenezwa kwa kitu gani. Ndiyo maana kila mpira mpya ulipoletwa, alikata kipande cha ncha yake na kukilaza ndani ya chupa yenye asidi hadi kesho yake. Kipande kikitoka kama kilivyoingia, mpira ulipokewa. Kikivimba, kikilainika au kikigeuka kama mkaa, mpira ulirudishwa ulikotoka, hata kama muuzaji angelia machozi.

Wazazi wake walifariki mapema, wakamwachia mdogo wake wa kike amlee. Alimlea, akamsomesha, na binti alipofikia umri wa kuolewa, yeye mwenyewe ndiye aliyemleta nyumbani mchumba: mshushaji mwenzake, mwanamume mrefu mwenye masikio makubwa na ulimi mzito, ambaye pale kazini walimwita Kimya. Siku ya kwanza dada mtu alikimbilia jikoni kucheka. Alisema masikio yale mtu anaweza kuanikia nguo. Maridadi akamfuata na kumweleza taratibu kwamba sura haijengi nyumba, na kwamba katika watu wote aliofanya nao kazi, huyo ndiye pekee ambaye angeweza kumgeuzia kisogo bila wasiwasi. Wakaoana, wakapendana kweli. "Nimeolewa na redio isiyo na betri," dada aliwaambia majirani, "lakini mimi peke yangu ninajua pa kugusa ili iimbe." Mungu akawajalia mtoto wa kike, aliyerithi masikio ya baba yake bila kupunguziwa hata kidogo.

Kisha Maridadi akapanda cheo. Cheo nacho ni kioo: anayekipata huanza kujitazama. Jambo la kwanza lililomkera lilikuwa mpira wa kushushia asidi. Ulikuwa mweusi wa kuparara, ngozi yake imepasuka kama kisigino chenye gaga, umefungwa waya hapa na pale. Ndani, hata hivyo, ulikuwa umetandikwa plastiki nyeupe, laini ya kuteleza, ambayo asidi haijawahi kuing'ata. Kimya alipenda kusema kwamba mpira ule una ngozi ya kizee na tumbo la kijana. Lakini siku moja mwenye kiwanda alipita na wanunuzi wake, akautupia mpira ule jicho na kukunja pua. Maridadi alijisikia kama mtu aliyeonekana na nguo iliyochanika makalioni.

Wiki hiyo hiyo alikwenda duka la vifaa vya viwandani, na huko akauona mpira wa buluu. Uling'aa kama gari jipya. Ulikuwa mnene, mzito, na kila ncha ilibanwa kiungo cha shaba kilichosuguliwa kikasuguka. Muuzaji aliusifu hadi mate yakamkauka: unavumilia joto, unavumilia shinikizo, lori linaweza kupita juu yake na usijue. Maridadi akauliza habari za asidi. Muuzaji akajibu kwamba huo ni wa kazi zote. Lilikuwa jibu la kinywa kipana, na siku nyingine Maridadi angelicheka. Siku hiyo lilikuwa ndilo jibu alilotaka kulisikia.

Mpira ulipofikishwa uwanjani, Kimya alikuja na kisu na chupa ya majaribio kama ilivyokuwa desturi. Maridadi akamshika mkono. Kukata ncha kulimaanisha kuondoa kile kiungo cha shaba, na kiungo kile ndicho kilichokuwa nusu ya uzuri wake. Alisema, kwa mzaha, kwamba bibi harusi hanyolewi nywele mlangoni. Kimya akairudisha chupa rafuni. Alikuwa mtu anayemheshimu aliyempa mke.

Lori la kwanza lilishushwa bila tatizo, na la pili vivyo hivyo. Watu wa idara nyingine walikuja kuutazama mpira, na mwenye kiwanda akampa Maridadi mkono mbele ya wafanyakazi. Mpira ulilala juu ya saruji ile iliyochakaa kama kito kwenye jalala.

Asubuhi ya lori lililofuata, wageni wakubwa walikuwa wanatarajiwa. Maridadi alikuwa akisimamia ufagiaji Kimya alipomwita kando. Alichuchumaa karibu na kiungo cha shaba, akaubonyeza mpira kwa kidole gumba.

"Shemeji, hapa nikibonyeza, hapanyanyuki tena," alisema. "Na juzi niliona vichembe vyeusi kwenye kioo cha chujio, pale asidi inapopita kuingia tangini."

"Vichembe ni uchafu wa lori."

"Ule wa zamani upo ghalani. Tuutumie leo. Huu tuukate kipande, tuulaze kwenye chupa."

Yalikuwa maneno mengi kwa Kimya. Maridadi alisikia, na ndani ya moyo wake kitu kilimchoma, kwa sababu alijua maana ya mpira unaobonyea na maana ya vichembe vyeusi. Lakini macho yake yalikwenda langoni, akawaona wageni akilini mwake wakiukunjia pua ule mpira wenye gaga.

"Maliza lori hili," alisema. "Kesho tutaukata."

"Haya," akasema Kimya, akashusha kinga ya uso na kwenda kufungua koki.

Lori halikufika hata nusu. Mpira ulipasuka kando ya kiungo, kwa mlio mdogo kama wa kitambaa kinachochanwa, na asidi ikaruka juu. Haikumpiga Kimya usoni, kwa kuwa uso aliukinga. Ilimwagikia shingoni na kuteremka ndani ya nguo, mgongoni. Angeweza kukimbilia bomba la maji, ambalo halikuwa mbali. Lakini dereva wa lori alikuwa ameteleza na kuanguka upande wa chini, na asidi ilikuwa inamfuata. Kimya alirudi kwenye koki, akaizungusha mpaka ikafunga, ndipo akageuka kutafuta maji. Maridadi alimpokea mikononi, akasimama naye chini ya bomba, akimchania nguo, maji yakiwalowesha wote wawili. Dereva aliinuka salama. Wageni walipofika langoni walirudishwa.

Maridadi alikwenda mwenyewe kumwambia dada yake. Alimkuta uani akimwogesha mtoto. Njiani alikuwa amepanga maneno ya kuanzia, lakini hayakuhitajika. Dada alimwona kaka yake, yeye ambaye hajapata kuonekana na doa, amesimama mlangoni na ovaroli iliyolowa, iliyotoboka matundu, na viatu vya matope. Alimfunga mtoto kwenye taulo, akauliza hospitali gani.

Kimya aliishi siku chache. Alilazwa kifudifudi, na kwa kuwa hakuwa msemaji, wauguzi walidhani hasikii maumivu. Jioni moja Maridadi alikuwa ameketi karibu na mto wake, akitafuta namna ya kuomba kile kisichoombeka, mgonjwa alipofumbua jicho.

"Lile lori," aliuliza, "lilimaliza?"

"Lilimaliza, shemeji."

"Vizuri," akasema, akafumba jicho. Hakuzungumza tena na kaka mtu. Alimzungumzisha mkewe kidogo, alfajiri, na yale aliyomwambia mkewe hakuna aliyepata kuyajua. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshakwenda.

Baada ya matanga, dada alikuja kiwandani kuchukua vitu vya mumewe: kofia, kandambili, kikombe cha bati. Alipomaliza kuvifunga, aliomba aonyeshwe mpira. Maridadi alitamani kukataa, lakini hakuwa na uso wa kumkatalia lolote. Akampeleka ghalani. Mpira ulikuwa umekatwa na kuwekwa sakafuni, bado wa buluu, bado unang'aa, na vumbi halijaanza kuuzoea.

Dada aliinama, akapitisha kiganja juu yake polepole.

"Alikuambia una kasoro?"

"Aliniambia."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia kesho."

Dada aliunyanyua ule mpira, akaugeuzia mwangani na kuchungulia ndani. Ndani hamkuwa na buluu. Mlikuwa na kitu cheusi, kimevimba na kupasukapasuka kama mkate ulioungua, na alipokigusa kwa ncha ya ukucha kilimeguka, unga ukamwagikia kiatuni. Alirudi kuutazama upande wa nje, kwa muda mrefu, kana kwamba anataka kuwa mwadilifu hata kwa kilichomfanya mjane.

"Mzuri kweli," alisema. "Kaka, hata mimi ningeuchagua huu."

Angemtukana, Maridadi angepata pa kushika. Angempiga, angeshukuru. Dada aliulaza mpira chini kwa utaratibu, akachukua kifurushi cha mumewe na kutoka. Alimwacha yeye peke yake ghalani, na ovaroli yake isiyopigwa pasi, na maneno ambayo alikuwa ameyasikia tangu utotoni na hakuwahi kuyasikiliza: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.