Tumbo Lililochemka Bila Moto

Bisha! Bisha sasa hivi kabla sijaanza, maana nikishamaliza utaona aibu. Nasema kuna tumbo linalopika bila kuni, na kuna lingine lililomuumbua mwenyewe hadharani. Unacheka? Shule niliiacha mapema, sikatai, ila nimebeba kreti kwenye kiwanda cha bia, na nimeyaona matangi makubwa kuliko nyumba ya mjomba wako yakitoa povu bila jiko. Haya, funga mdomo, fungua masikio.

Mvua iligoma. Majani yakakauka kama nyaya, wanyama wakakonda mbavu nje. Isipokuwa Nyati. Yeye alinawiri! Kila alasiri alijilaza, macho nusu, taya likienda huku na huku, na mbele yake hapana hata unyasi.

Fisi, ambaye tamaa yake hailali hata yeye akilala, akatimua mbio hadi kwa Simba.

"Mfalme, yule mama Nyati ana ghala tumboni! Anatafuna na hajang'oa kitu. Mpasue tugawane!"

Simba, aliyeamini jua huchomoza kwa ruhusa yake, akanguruma, "Aletwe!"

Nyati akaja, akainamisha pembe. "Mfalme, mimi nacheua tu. Hata marehemu mama alicheua."

"Ukoo mzima wa wezi!" Fisi akadakia.

Hapo Sungura akajipenyeza mbele. Huyo mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno.

"Mfalme, ukimpasua utakuta nyasi zilizochacha, na harufu yake hutaisahau. Tumbo lake ni kama mtungi wa togwa. Nyasi zinalowa, vijidudu visivyoonekana vinazichachua hadi zinachemka bila moto, zinarudi mdomoni, anazitafuna upya. Hajaficha chakula, anakitengeneza."

"Mtungi uchemke bila moto? Umelewa wewe!" Fisi akacheka.

"Nipeni mtungi niwaonyeshe. Usipochemka, mpasueni Nyati, na mimi niwe kitoweo cha pembeni."

"Nimekubali," akasema Simba.

Sungura akapika uji wa mtama, akauacha upoe hadi ukawa vuguvugu, akatia kimea, yaani unga wa ulezi uliooteshwa ukakaushwa. Akafunika kwa jani la mgomba. Na mlinzi wa mtungi? Simba akamteua Fisi. Ndiyo, Fisi! Wakubwa na maamuzi yao.

Togwa ilipoanza kutoa povu na kunukia, Fisi akapiga hesabu zake: "Nikiiacha, Nyati anapona. Nikiinywa, leo nashiba, kesho nakula nyama." Akaiinamia, akaibugia hadi machicha, kisha akajaza mtungini maji ya majivu.

Kesho yake wanyama wakakusanyika barazani. Simba akatega sikio mtungini. Kimya. Nyati akafumba macho.

"Nilisema mimi!" Fisi akajitokeza kifua mbele. "Nilisema hawa ni wao..."

Buruburuburu.

Wote wakageuka.

"Nilisema hawa ni..."

Buruburu-kwiii! Povu likamtoka puani. Tumbo lilikuwa limevimba kama ngoma iliyowambwa asubuhi hiyo.

"Mzee Fisi," Sungura akasema kwa adabu zote, "togwa yangu inakusalimia. Mfalme, acha huo mtungi, sogea kwenye huu wenye miguu minne."

Simba akaweka sikio ubavuni mwa Fisi. "Kunachemka!"

"Na moto, Mfalme, umeuona?"

"Sijauona," akakiri Simba, na kwake kukiri ni kama kung'olewa jino.

Nyati akaachiwa, akaenda kujilaza na kucheua mbele ya wote. Fisi akafukuzwa, na kila aliporuka kichaka, tumbo likampigia tarumbeta. Ndipo wanyama wakasema: Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sasa umeamini? Basi ngoja, kuna kipande nilikiruka. Fisi hakuikuta togwa ile imejaa. Kabla yake alipita mkubwa mmoja mwenye manyoya shingoni, akasema anakagua, akachota, akakagua kata nzima. Na pale barazani matumbo yaliyonguruma yalikuwa mawili. La pili wanyama wote walilisikia vizuri sana, wakatazama juu wakasema huenda mvua inakuja.