Shimo la Mtama Mbichi

“Mfukua shimo kila siku hulisha ukungu.”

Bi Sechelela aliwatupia wajukuu zake neno hilo walipofunua tena chungu cha kunde kuona kama zimeiva.

“Shimo gani tena, bibi? Sisi tunapika!”

“Funikeni kwanza. Neno hilo lina kwao, na lilizaliwa hivi.”

Huko Ugogo, mzee Chilewa alibakiwa na ng’ombe mmoja, Matenda, tena mwenye mimba. Kiangazi kilichopita kilikuwa kimemaliza wengine wote. Mwaka huo Nyemo, mke wa mwanawe, alirudi kutoka mafunzo ya wafugaji na jambo jipya. Alikata mtama ungali mbichi, akaukatakata, akaunyunyizia molasesi, ile shira nzito ya miwa, akaushindilia shimoni, kisha akaufunika kwa turubai na kuufukia kwa udongo, hewa isipenye.

“Ni kama kuvundika ndizi, baba,” alimweleza mkwewe. “Kiangazi kikikaza tutafungua, Matenda atakula.”

Jirani yao Malogo alipoona tuta la udongo mbichi, alivua kofia.

“Poleni na msiba. Marehemu ni bua au jani?”

Wapita njia wakaangua kicheko. “Na matanga lini?” akaongeza.

“Matanga utayaona kiangazi, mzee,” Nyemo akamjibu.

Chilewa hakucheka. Alikuwa anawashwa na jambo jingine. Maisha yake yote alihifadhi nafaka kwenye kihenge, na kila asubuhi alitumbukiza mkono kupapasa: kuna joto? Kuna dumuzi? Akiba isiyopapaswa huliwa na wadudu, ndivyo alivyofunzwa na baba yake. Sasa hii ni akiba gani isiyotaka kuguswa? Huko chini mtama unafanya nini? Unaiva? Umelala?

Asubuhi moja Nyemo alipokwenda kisimani, mzee alifukua pembe moja ya shimo, akainua turubai, akatia mkono. Joto! Akanusa vidole. Harufu ilikuwa ya uchachu wenye utamu, kama togwa. Akacheka peke yake, akafukia. Kesho yake akataka kujua kama joto bado lipo. Keshokutwa akataka kujua kama harufu imeongezeka. Ikawa desturi, kama kihenge.

Kiangazi kilikaza. Siku ya kufungua, Nyemo alianzia pembe ile ile. Mtama ulikuwa mweusi, umevaa ukungu kama sufi, unanuka. Matenda akanusa, akageuza kichwa.

“Panya hawa!” Nyemo alilia. “Wametoboa turubai!”

Chilewa angeweza kunyamaza, kwani panya hana wa kumtetea. Lakini alimtazama Matenda na tumbo lake, akainua mkono.

“Panya mwenyewe ni huyu.”

“Baba! Ulikuwa unatafuta nini?”

“Nilitaka kujua kama umepoa.”

Nyemo alishusha pumzi. “Kila ulipofunua uliingiza hewa, na hewa ndiyo inayouozesha. Kihenge hutaka mkono, baba. Shimo halitaki.”

Walitupa uliooza. Uliobaki ulikuwa wa rangi ya zeituni, na Matenda aliula mpaka akalamba turubai. Lakini uliisha kabla ya mvua, na Matenda alikuwa karibu kuzaa. Basi Chilewa akapiga moyo konde, akaenda kwa Malogo kuomba mabua makavu.

“Karibu, mfiwa!” Malogo alimpokea. “Maziko yaliishaje?”

Chilewa akaketi. “Palipoachwa kama palivyofunikwa, ng’ombe amelamba hata turubai. Nilipopafukua mimi, pameoza.”

Malogo aligeuka kuwatazama ng’ombe wake, ambao mbavu zao zilihesabika. Mzaha ukamtoka.

“Hata turubai?”

“Hata turubai.”

“Mabua chukua, mzee mwenzangu. Lakini kosa lako nieleze bila kuficha, maana mwakani nami nachimba.”

Mabua yale yalimfikisha Matenda kwenye mvua, akazaa ndama jike. Malipo ya mabua yalikuwa maneno machache tu, ambayo Chilewa aliyatoa siku ile ile kwa Malogo, huku akivitazama vidole vyake:

“Mfukua shimo kila siku hulisha ukungu.”