Kitanda cha Mkomafi

Kibiti nzima ilijua kwamba mlango ukigoma kufunga, dawa yake ni Fundi Haidari. Mikono yake ilikuwa na baraka. Tabu yake ilikuwa moja tu: hakuwa na ulimi wa kutamka neno litakalomuudhi mtu. Akikosea kipimo, alijaza. Ubao ukipasuka, aliziba kwa unga wa mbao na gundi, akapaka rangi, kisha akatabasamu kana kwamba hakukutokea kitu. Watu walimwita mpole, lakini upole na woga wakati mwingine huvaa kanzu moja, na mtazamaji asijue ni nani aliye ndani.

Fundi huyo alikuwa amemchumbia Tatu, binti wa Bi Zawadi, naye alimpenda hadi usingizi ukamhama. Mahari ilikwisha kutolewa na nikaha ilipangwa Ijumaa. Lililobaki lilikuwa kitanda, kwa maana huko bwana harusi ndiye aletaye kitanda, na Bi Zawadi hakutaka vya dukani.

"Mwanangu, mie nataka cha kizamani," alimwambia. "Chenye matendegu ya kuchongwa, kama nilicholalia na marehemu baba yake Tatu. Kisipokuwapo kitanda, nikaha itangoja."

Siku tisa kabla ya harusi, Badru, mchuuzi wa vyombo vikuukuu, alileta kitanda juu ya guta lake kutoka Ruaruke. Kilikuwa cha mkomafi, mti mwekundu wa mikokoni, lakini jua na tope vilikuwa vimekigeuza rangi ya majivu. Matendegu yake yalichongwa na mtu aliyeijua kazi.

"Umekitoa wapi?" Haidari aliuliza.

"Maji ya mafuriko yalikiacha shambani. Hakina mwenyewe," Badru alijibu huku akitazama barabara, na hata chai hakungoja.

Haidari akaingia kazini. Alipokwangua mara ya kwanza, harufu ya kafuri ilimpanda puani, harufu ya sanda na ya chumba kilichofungwa. Akadhani ni pua yake. Akakigeuza kitanda juu chini. Katikati ya mbao uliachwa uwazi mwembamba wa kupitishia maji. Matendegu ya kichwani yalikuwa marefu kuliko ya miguuni, ili maji yateremke. Ubavuni, chini kabisa, palichongwa neno moja kwa herufi za Kiarabu: Wakfu.

Hakuhitaji kuelezwa. Kilikuwa kitanda cha kuoshea maiti, mali ya msikiti, kilichotolewa kwa ajili ya Mungu. Kitu cha wakfu hakiuzwi wala hakinunuliwi, seuze kumlaza bibi harusi.

Njia ilikuwa nyeupe mbele yake: akirudishe Ruaruke, aende kwa Bi Zawadi akaseme kitanda hakijapatikana. Lakini akilini alimwona mama mkwe akikunja uso, akaiona nikaha ikisogezwa, akamwona Tatu akiposwa na mwingine. Akachukua msumeno, akasawazisha matendegu. Akaziba uwazi kwa ubao. Neno lile akalipiga msasa hadi likafutika, kisha akakipaka kitanda kizima rangi nyeupe ya mafuta.

Rangi ilikataa kukauka. Jua la Kibiti, linalokausha samaki kwa siku moja, lilishindwa na ubao mmoja. Asubuhi ya pili alikuta wekundu umepenya weupe: madoa mawili ya visigino, doa pana la mabega, na mahali pa kichwa. "Mkomafi hutoa maji mekundu," alijiambia, na ni kweli hutoa. Akapaka tena. Mchana, jua likiwa utosini na karakana ikiwa kimya, akasikia tone likidondoka mchangani. Akainama kutazama. Chini ya kitanda mchanga ulikuwa umelowa, ilhali ndoo ya maji ilikuwa mlangoni, kavu tangu jana. Akapaka mara ya tatu, madoa yakafifia.

Tatu alikuja kukitazama. Aliweka kiganja juu ya mbao akakiondoa upesi.

"Mbona ki baridi hivi, na jua lote hili?"

"Rangi bado mbichi."

Tatu alimkazia macho. "Kuna jambo, Haidari? Kama lipo, niambie mie. Kwa mama nitasema mwenyewe."

Mlango ulifunguliwa wazi hapo, na asiyepita ni yeye. "Hakuna jambo," alisema, akatabasamu.

Kitanda kikapelekwa kwa kina Tatu kwa vigelegele, kikatandikwa godoro na shuka za maua. Jumatatu Tatu alijinyoosha juu yake baada ya adhuhuri. Jioni alimpigia Haidari simu.

"Nimemwota baba. Amesimama miguuni, maji yanamchirizika. Ananiuliza, mbona mnaniosha tena?"

"Ni uchovu wa harusi, mpenzi," Haidari alijibu.

Jumatano alfajiri bibi yake Tatu, mzaa mama, alifariki dunia. Watu wa harusi wakageuka watu wa matanga. Ndugu walifika kutoka Ruaruke, na pamoja nao Bi Hadija, mwosha maiti wa kike wa huko, mwanamke mfupi mwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji. Chumba alimolazwa marehemu kilijaa watu, kwa hiyo aliingia chumba cha bibi harusi kukata sanda. Akaitandaza juu ya kitanda. Alipoinyanyua, upande wa chini ulikuwa umelowa wekundu.

Bi Hadija hakupiga kelele. Aliliinua godoro, akapitisha vidole katikati ya mbao na kusukuma. Ubao wa Haidari ukaanguka sakafuni.

"Zawadi! Tatu! Njooni!" aliita. "Kitanda hiki ni chetu, tunakitafuta tangu mafuriko. Mie nimekishika miaka thelathini. Hata Abdulatifu, baba yako Tatu, alipofia kwetu alioshewa hapa hapa. Nani amemlaza mwanangu hapa?"

Haidari aliitwa kutoka kwa wanaume waliokaa nje. Aliingia akiwa tayari na uongo wake. "Vitanda hufanana, mama. Hicho nilikinunua..."

"Fundi," Bi Hadija alimkata, "maiti yuko chumba cha pili. Nenda ukasimame mbele yake, useme hukujua."

Haidari aliutazama ubao sakafuni, kazi yake mwenyewe, umepigwa msasa vizuri. Miguu haikumsogea.

Tatu hakulia. Alivua pete ya uchumba akaiweka juu ya mbao zilizolowa.

"Ningelala kwenye mkeka, Haidari. Ningelala chini. Nilikuuliza kwa kinywa changu, ukanichekea. Ukanilaza mahali alipolazwa baba yangu siku ya mwisho, ukapaka rangi juu yake."

"Niliogopa kukukosa," Haidari alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kweli tangu Badru ashushe kitanda.

"Basi umenikosa."

Vijana wa Ruaruke walikitoa kitanda uani. Bi Hadija alikimwagia maji akisoma dua, rangi nyeupe ikabanduka vipande vipande kama gamba la nyoka, mkomafi ukabaki mwekundu na mkavu. Bibi yake Tatu akaoshewa hapo. Haidari alisimama nje ya ua akisikia maji yakipita kwenye uwazi alioziba, na hakuna aliyemwita ndani. Ijumaa ilifika, haikuwa na nikaha. Na watu wa Kibiti, walipomwona akipita na msumeno wake, hawakumtukana wala hawakumcheka. Waliambiana tu, kwa huzuni, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.