Mrija wa Konokono

Joto la siku hiyo lilitulia juu ya paa la maabara kama kuku aliyeatamia mayai. Ndani yake walikuwamo wakemia wawili. Mmoja alikuwa mkuu wa maabara, mtu wa pupa lakini mwenye moyo mweupe. Wa pili alikuwa mwanamke mtaratibu, ambaye wenzake walimbandika jina la Konokono, naye akalipokea kwa kicheko.

Walikuwa wakitengeneza dawa isiyoundika ila kwa mwanga. Konokono alikuwa ameuzungusha mrija mwembamba, unaopitisha mwanga, kwenye taa ya buluu. Pampu ilisukuma kimiminika humo polepole, kikanywa mwanga njia nzima, kisha kikadondoka upande wa pili tone baada ya tone.

Simu ya mkuu ikalia. Alikuwa dada yake, akipiga kutoka wodini.

"Kaka, mmefika wapi? Mwanangu hata macho hafumbui. Daktari anasema dawa imewaishia."

"Inakuja, dada. Jikaze."

Alikata simu. Akaitazama chupa ya kupokelea dawa. Hata kitako chake hakijafunikwa.

"Nusu ya malighafi naitia kwenye mtungi mkubwa," alisema. "Nitauzungushia taa zote tulizo nazo."

"Bosi, mwanga hautafika katikati," Konokono alimwonya. "Na kinachozaliwa humo kikirundikana, kikipata joto, kitalipuka. Kwenye mrija kinakuwa kidogo kidogo, hakina nguvu ya kutudhuru."

"Mpwa wangu anakufa, nawe unanihubiria!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Aliimimina malighafi mtungini, akawasha taa. Kwa muda mambo yalionekana shwari. Kisha kimiminika kikaanza kutokota, na kipimajoto kikapanda mbio. Mkuu alirukia swichi, akazima taa, lakini joto halikumngoja.

"Lala chini!" Konokono alipiga ukelele, akamvuta koti.

Mtungi ukapasuka kwa kishindo. Vipande vya kioo vikanyesha juu ya migongo yao. Moshi ulipopungua, nusu ya malighafi ilikuwa sakafuni, na kiganja cha mkuu kilikuwa kikichuruzika damu. Kwenye meza ya pembeni, pampu iliendelea na kazi yake.

Simu ikalia tena. Mkuu alitamani kudanganya, ulimi ukakataa.

"Nimeharibu nusu, dada. Iliyobaki itafika, ila si sasa hivi."

Kisha dada akasema, "Basi hiyo iliyobaki usiiguse."

Konokono alimfunga jeraha. Wakakaa mbele ya mrija, roho mkononi. Mara mkono wa mkuu usio na jeraha ukaanza kukinyemelea kitufe cha kuongeza kasi.

"Ukiyakimbiza, matone yatapita na njaa yao ya mwanga," Konokono alisema bila kugeuka.

Mkuu akaurudisha mkono, akaukalia.

Jua lilipoinama, chupa ilikuwa imejaa pomoni. Dawa ikasafishwa, ikapimwa, ikapelekwa hospitalini. Kesho yake simu ilipolia, mkuu aliipokea upesi. Sauti nyembamba ya mtoto ikasema, "Mjomba, mama analia lakini anasema si kwa huzuni."

Mkuu akamgeukia Konokono, machozi yakimtoka. Alikuwa ameona kwa macho yake, na kulipa kwa damu yake, kwamba haba na haba hujaza kibaba.