Chui Mwenye Ofisi Nne

Mpo?
Tupo.
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo.
Basi yategeni, maana sirudii.

Nchi ya wanyama ilikuwa na nyumba nne za haki. Ya kwanza ilitunga sheria. Ya pili ilishtaki. Ya tatu ilihukumu. Ya nne ilikuwa gereza, pango lenye mlango mzito wa mninga na komeo kwa nje. Kila nyumba ilikuwa na mkubwa wake, na kila mkubwa alimchunga mwenzake.

Chui akaenda kwa Mfalme Tembo. "Mtukufu, wakubwa wanne wa nini? Wanabishana kutwa. Nipe mimi zote, kazi iende."

Tembo alikuwa mzee, amechoka na mabishano. Akampa.

Kazi ikaenda kweli. Chui akatunga sheria: marufuku kupiga chafya. Swala akapiga chafya, chwi. Chui akamshtaki, Chui akamhukumu, Chui akamfunga. Kule pangoni ikasikika kacha, kacha, kacha. Swala hakuonekana tena.

Kesho yake, marufuku kuchechemea. Ngiri alikuwa na mguu mbovu. Chui akamshtaki, akamhukumu, akamfunga. Kacha, kacha, kacha.

Siku ya tatu, marufuku kula kokwa bila kibali. Akakamatwa kindi mmoja, mama wa watoto watatu, mdogo wake Bi Kindi.

Bi Kindi akampelekea mdogo wake maji. Mlango wa pango ulikuwa wazi, ndani kimya. Aliona mkia tu. Akauokota, akaenda nao nyumbani. Wale watoto watatu wakamuuliza mama yao yuko wapi.

Asubuhi akapiga hodi ofisini kwa Chui.

"Mheshimiwa, kuna mhalifu kajificha gerezani, mwisho kabisa wa pango."

"Mnono?"

"Amekula mpaka tumbo linagusa ardhi."

Chui akatoka mbio, tifu tifu tifu, akazama pangoni. Bi Kindi akausukuma mlango kwa mgongo, akalirukia komeo kwa uzito wake wote. Ngwa.

"Kindi, humu hamna mtu."

"Yumo, Mheshimiwa."

Chui akarudi mlangoni. "Fungua."

"Anayefungua ni mkuu wa gereza."

"Mkuu wa gereza ni mimi."

"Basi yumo ndani."

"Nipeleke kwa hakimu."

"Naye yumo ndani."

"Mwambie mwendesha mashtaka aifute kesi."

"Yumo ndani. Na mtunga sheria yumo ndani."

Chui akakwaruza mlango, kwaru, kwaru. Siku ya kwanza alitisha. Siku ya tatu aliomba. Wanyama walipita, wakasikia, hakuna aliyesimama. Siku ya saba akaja Tembo.

"Mtukufu, nifungulie."

"Nilikupa zote," Tembo akasema. "Sikubakiwa na hata moja."

Akageuka, akaondoka.

Siku ya tisa mlango ukanyamaza. Wanyama wakamwomba Bi Kindi ashike nyumba zote nne, kwa kuwa ana akili. Akakataa. Akawaambia wazigawe upya. Yeye alikuwa na watoto watatu wa kulisha, na mdogo zaidi bado alikuwa akiuliza.

Hapo ndipo ninapoiacha. Funzo lake ni hili: ofisi zote za haki mpeni mtu mmoja. Siku ya kumfungia, mtahitaji komeo moja tu.

Mmelishika?
Tumelishika.
Basi mkiulizwa na mkubwa yeyote, si mimi niliyewafundisha.